Habari za Nguzo ya Tatu

Jukwaa la pampu, kusini ya Duqm, mwezi wa saba.
Ukungu wa kharifu umeimeza hata bendera yetu.

Maji hayasafiri. Nilifundishwa hivyo darasani,
nisiamini, mpaka siku nilipotupa chungwa baharini:
likapanda, likashuka, likazunguka duara lake,
likabaki palepale.
Kinachosafiri ni habari.
Juma lililopita, huko chini ya Bukini,
dhoruba ilipasuka pasipo shahidi,
na leo inatubishia, kila sekunde kumi na mbili:
hodi.
Nguzo haisemi karibu. Inalipasua wimbi,
nusu kulia, nusu kushoto,
na nyuma yake nusu mbili zinakutana, zinagombana kidogo,
povu linajisokota kama uzi uliomshinda fundi cherehani.

Muhenna anaandika: kimo, mita tatu na nusu.
Kimo, kwa hesabu zetu, ni wastani wa theluthi ya wakubwa.
Mawimbi madogo hayamo.
Hata huku.

Mama anapiga simu kutoka Al Khoudh.
Miaka hamsini Maskati, Kiswahili chake bado cha Wete.
Habari za huko? Nzuri.
Za kazi? Nzuri.
Za afya? Nzuri, mama.
Ndivyo tulivyolelewa: nzuri kwanza,
hata kama maiti yumo chumbani,
halafu mtu huvuta kiti, akasema: ila.

Ila chai yangu inatetemeka.
Gilasi ndogo juu ya meza ya chuma;
uso wa chai unachora pete, unatulia, unachora.
Nikahesabu kwa saa ya mkononi.
Wimbi: kumi na mbili.
Chai: nne. Nne. Nne.
Na leo bahari yote hii haina wimbi la sekunde nne.

Kila kilichosimama kina mpigo wake.
Jukwaa hili, mwaka lilipokabidhiwa, lilipiga sekunde tatu;
imo kwenye faili, kwa kalamu ya kijani.
Wimbi zito halipigi pigo moja likaondoka.
Ndani ya mgongo wake mna vipande,
nusu yake, theluthi yake,
na theluthi ikikuta chuma kinachocheza kwa kipimo hichohicho
haihitaji misuli. Tazama mtoto anayesukuma bembea:
kidole tu, lakini kwa wakati wake.

Nani basi aliyeurefusha mpigo wetu?

Muhenna akageuza kioo cha kompyuta nione.
Nguzo ya kwanza: nzuri. Ya pili: nzuri.
Ya tatu: nzuri, na taa yake ya kijani.
"Unataka niandike nini," akauliza,
"kwamba chai imelalamika?"
Nikamwambia andika hivyo.
Akaandika. Makao makuu wakajibu kwa alama ya kucheka.

Siku tisa tulingoja maji yapunguze hasira.
Siku ya kumi Rodelio, mzamiaji wa Iloilo, akashuka na taa,
nasi juu tukisikiliza pumzi zake redioni
kama watu waliokaa nje ya chumba cha mzazi.
Kimya.
Kisha: "Mchanga hakuna."
Kisha: "Nimesimama mahali ambapo mchoro unasema ni ardhini."
Shimo la mita mbili na nusu, limeuzunguka mguu wa tatu,
ukingo wake laini kama bakuli,
na waliolichimba ni maji yaleyale
yasiyokwenda kokote,
yanayozunguka tu.

Hakuna aliyecheka tena.
Mashua ya mawe itatoka Sohar, wanasema Jumatano;
tumeshawahi kuambiwa Jumatano.
Usiku huu ukungu umerudi. Kumi na mbili, kumi na mbili.
Chai nimeiacha mezani makusudi, imepoa, ina utando,
nayo iko kazini.

Simu inalia. Habari za huko?

Nikavuta kiti.